Kabla ya Ngomo

Niliinunua kwa Cikuru pale Nyawera,
pikipiki ndefu ya safari, tangi pana, kiti cha watu wawili,
kilomita elfu kumi na nne kwenye saa yake.
Aliapa kwa mamake. Nikamwamini nusu.

Jumatatu nikaisukuma hadi Kadutu, kwa fundi Birindwa.
Akaizunguka mara tatu bila kuigusa,
kama mtu anayenunua ng'ombe wa mahari.
Nikampa orodha yangu, karatasi nzima, pande mbili.
Akaisoma, akaikunja pembe,
akafungia karanga zake.

"Bomba la kelele la nini? Mlima hauna masikio.
Taa za rangi chini ya tangi? Utakuwa kilabu kinachotembea.
Stika ya simba bandika tu, Madamu,
ukitaka kila kizuizi kikukumbuke.
Kwanza vyuma vya kinga, maana utaanguka."

Hakusema ukianguka.
Alisema utaanguka,
kama anayetaja siku ya soko.

Akapinda mabomba mawili ya maji, akayachomelea ubavuni.
Cheche zikatua kwenye beseni la mama wa sambaza.
Mama akamtukana kwa Kishi, kwa Kiswahili,
na kwa Kifaransa kidogo alichokihifadhi kwa kazi hiyo.

Chini ya injini, bati nene la pipa la lami:
mawe ya Ngomo huwa yanajibu.
Kwenye usukani, ngao za mikono
zilizokatwa kutoka dumu la njano la mafuta ya kula.
Ya kushoto inasomeka bado: LITA 20.
Pembeni, masanduku mawili ya bati ya watoto wa bweni,
kufuli juu, mpira wa tairi bovu kuzuia mvua.
Moja limeandikwa kwa rangi nyeupe: Nsimire, chumba cha sita.
Sikulifuta. Simjui Nsimire,
lakini sanduku lake halivuji.

Zikabaki dola thelathini na mbili,
na mimi macho yangu yako kwenye kioo cha upepo,
kirefu, cha moshi, kimetundikwa ukutani kama picha ya harusi.

Siku ya nne Baba akafika, kwa miguu, polepole,
na lile goti lisilokunjika
tangu nguzo ya umeme ilipomwangusha, mwaka ambao hatuutaji.
Hakusema lolote kuhusu safari.
Alipanda tu kiti cha nyuma, "kukijaribu".
Mguu wa kulia ukaning'inia,
ukitafuta pa kukanyaga
kama mkono unaotafuta swichi umeme umekatika.

Birindwa akaacha kutafuna.
Akachukua muwa wa mtoto aliyekuwa akipita,
akapima toka kiti hadi unyayo,
akatia alama kwa jino, akamrudishia mtoto uliobaki.
Akanitazama mimi, akatazama kioo.

Kanyagio la kulia likashushwa shubiri moja na vidole vinne.
La kushoto liko pale lilipowekwa na kiwanda.
Ukiitazama kwa nyuma
utadhani fundi alikuwa amelewa.

Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri, tukaanguka Panzi,
hata mji hatujautoka,
kwenye utelezi mwekundu usiozidi meza kwa upana.
Vyuma vikakwaruzika. Tangi, hata doa.
Baba amekaa matopeni, mguu umenyooka mbele yake
kama kawaida yake nyumbani.
"Nankafu," akasema, "fundi wako si mwongo."

Na kitu kimoja tulikisahau wote watatu:
chuma cha abiria cha kushikilia.
Basi toka Panzi, Nyangezi, hadi Kamanyola
alishika mkanda wa suruali yangu,
yeye ambaye hata njia haivuki kwa kushikwa mkono.
Kwenye kona za Ngomo, bonde likiwa upande wake,
alikaza hadi nikapumua kwa zamu.

Birindwa ameshanitajia bei ya hicho chuma. Dola nane.
Nimemwambia nitafikiria.