Maji ya Magotini

Kitabu cha kanisa kinanuka nta na panya.
Binamu yangu Ragnvald hukifungua kwa glavu nyeupe,
kama anayefunua uso wa maiti,
nami nasoma mwandiko wa wachungaji waliokwisha kuwa vumbi:

Brita Kajsa, miaka kumi na minne. Alianguka akikimbiza ndama.
Nils Petter, miaka tisa. Alizama. Maji hayakumpita magoti.
Erik, kakaye. Alizama. Alijua kuogelea.
Na pembeni, kwa wino mwingine: Mama ameonywa.

Ameonywa nini?

Huku kaskazini mwa Uswidi mto huyeyuka mwezi wa Mei,
mapande ya barafu yakigongana usiku kucha.
Karne tatu tumezaliwa kando yake,
tukaoana humu humu bondeni, ukingo huu na ukingo ule.
Husemwa damu ni nzito kuliko maji.
Kwetu vilikula njama.

Novemba, bwawa la shule:
Tuva wangu alipiga mbizi kufuata pete ya mpira
na hakuibuka.
Mwalimu alidhani anajificha.
Nayakumbuka machache tu: vigae vilikuwa vya kijani,
mtu alimkandamiza kifua akihesabu mpaka thelathini,
kisha akaanza tena, moja,
na soksi yangu moja ilikuwa imelowa.

Daktari Åkerlind alitandaza ukanda wa karatasi mezani.
Kilima, bonde, mlima mwembamba, bonde, kilima.
"Moyo ukishapiga," alisema, "hujichaji upya kabla ya pigo lijalo.
Wa Tuva unachelewa. Kidogo tu. Kasoro ya kufumba jicho."
Akaipima nafasi ile kwa rula.

Nikawaza ubeti uliotimia mizani,
ila kituo chake kimevutwa mno,
hata msomaji wa pili anadakia kabla ya zamu,
wa tatu anamfuata, wa kumi,
na shairi zima linageuka kelele.
Na nani humsukuma huyo wa pili?
Maji baridi. Mbio. Ndama aliyetoroka.

"Ni urithi," akasema, akitafuta kalamu asiyoihitaji.
"Tutawapima nyote."

Ninao. Miaka arobaini na mmoja
nimepanda ngazi, nimezaa, nimevuka ziwa kwa mikono yangu,
nao umekaa kimya kifuani
kama mpangaji anayelipa kodi kwa wakati.

Jumapili nilikwenda kwa bibi Märta, kwenye nyumba ya wazee.
Mwaka hamsini na sita alikuwa gatini akisugua mikeka.
Aligeuka kukamua mmoja.
Sixten, wa miaka minne, alikuwa majini mpaka magotini,
halafu hakuwa.
Kijiji kizima kilikadiria aligeuka kwa muda gani.
Wengine walisema dakika tano. Wengine kumi.
Yeye hajawahi kusema.

Nilimpelekea habari kama apelekaye msamaha:
Bibi, hukuzembea. Ulikuwa moyo wake.
Hata kama ungekuwa umemshika mkono.

Kahawa yake ikapoa, ikafanya utando.

"Kwa hiyo," akasema, "nilimpa mimi."

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo.
Nikamwambia, nawe ulipewa. Nami nimepewa, nikampa Tuva.
Nikamwambia ni sarafu,
kila mtoto hurushiwa mara moja, gizani,
na hakuna mkono unaochagua.
Yalikuwa maneno ya daktari;
kinywani mwangu yakawa kokoto.

Tuva alikuwa sakafuni, akipanga vidonge vyake vya wiki
ndani ya kijisanduku chenye vyumba saba.
"Jumatano nimeweka viwili," akasema, akakitoa kimoja.

Bibi akaomba ule ukanda wa karatasi.
Akavaa miwani. Kidole chenye fundo
kikapanda mlima, kikashuka,
kikasimama pale rula iliposimama.

"Hapa?"

Hapo.

Akakiacha kidole muda mrefu.
"Padogo hivi," akasema.
"Nami miaka yote nimekuwa nikimtafuta mtoni."