Mlango wa Dabo, Iyumbu

Fundi Ndahani amevuta futi yake,
amepima pengo: mita moja na themanini kwa mbili na kumi.
Amepima tena, kama mtu asiyeamini salio.
"Mama Nyemo, hapa panataka mlango wa Kifaransa."
Nikamuuliza, Kifaransa nitaongea na nani Iyumbu?
Atakayebisha hodi hapa atasema mbukwenyi.
Akacheka mpaka penseli ikamdondoka sikioni.
"Ni dabo tu, mama. Mabawa mawili, kioo juu mpaka chini.
Ukifungua yote, ukuta haupo."

Miaka minne ukuta haupo.
Kuna turubai la bluu na mawe matatu,
Julai upepo unalivimbisha kama shavu lenye jino bovu
na vumbi linaingia bila hodi,
linakaa kwenye kochi, linakula nasi.
Yoramu ndiye aliyewaambia waashi: hapa msifunge.
Upande wa mashariki! Upande upepo unakotokea!
Nilimuuliza kwa nini. Akasema, utaona.
Alikuwa mtu wa utaona.

Shemeji Chilewa anasema ziba,
tofali hamsini, saruji mifuko miwili, kwisha maneno.
Nyemo yuko Mwanza, ananitumia picha:
alumini nyeupe, pazia jepesi, nyuma yake bustani
ambayo hapa ingemaliza tanki kabla ya Oktoba.
Majengo, dukani, kijana mwenye kikokotoo
akanionyesha mninga. "Umekauka huu, mama."
Nikaugusa kwa kiganja.
Miaka thelathini na moja nimegusa mapaji ya wagonjwa,
kitu kibichi nakijua.
Akanionyesha kioo cha giza: "Kinaficha umaskini.
Au utajiri. Chochote ulicho nacho."

Tembe ya mama mkwe ilikuwa na mlango mmoja.
Ng'ombe waliingia hapo, na mbaamwezi, na mimi bibi harusi
nikiinama mpaka kilemba kikagusa goti.
Alipofariki, jeneza lilikataa kona.
Wanaume sita wakalisimamisha wima,
na Yoramu akamsikia mama yake akiteleza ndani,
akishukia miguu,
kama anayetaka kutembea mwenyewe.
Hakulizungumza. Mwaka uliofuata alinunua kiwanja.

Na yeye alipotoka, mwezi wa sita,
tulisogeza mawe matatu, tukakunja turubai.
Likapita limelala.
Hakuna aliyesema inamisha, hakuna aliyesema polepole,
na nafasi ilibaki ubavuni
ya mimi kwenda naye, mkono juu ya kifuniko.

Basi, Ndahani, andika.
Mninga, lakini ule uliolala darini kwako misimu miwili.
Kioo cheupe, milimita sita. Vumbi nitalipangusa.
Nondo weka, ila zifunguke pamoja na mabawa,
zisibaki katikati kama askari wa zamu.
Ufungukie ndani, nje upepo utaung'oa.
Bawa la kulia ndilo la kila siku: ndoo, kuku, mgeni,
mtoto wa jirani na sahani yake iliyofunikwa.
La kushoto litie komeo juu na chini, litulie.
Lakini bawaba zake zipake grisi kila mwaka,
hata kama halijafunguliwa.

"Kitasa?"
Cha bei ya kati.
Na kizingiti usiinue. Sakafu iende moja kwa moja mpaka uani.
"Vumbi litapita chini, mama."
Najua.
"Na nge."
Najua, Ndahani. Wanaobeba hawaangalii miguu.

Akaandika,
akauliza kama kuna chai.