Safu Isiyokuwamo

Shangazi Nosrat ananishikia mbuzi wa kumi na saba
kwa goti moja, kama mtu anayefunga gunia,
nami natoboa sikio.
Kipande cha nyama kisichozidi punje ya dengu
kinadumbukia katika kichupa cha spiriti.
Naandika: jike, mweusi, miaka minne, bonde la juu.
"Andika na mama yake," anasema.
Fomu yangu haina safu hiyo.

Anataja bila kuulizwa:
huyu ni wa Siyah, Siyah wa Khatun,
Khatun wa Barfi aliyezaa mapacha
usiku wa theluji, mwaka wa tetemeko,
Barfi wa yule mwenye kengele iliyopasuka,
na yule wa...
Ukoo hauishi. Pumzi ndiyo huisha.
Kwa baba hataji hata mmoja.
"Beberu ni mvua," anasema.
"Nani huweka jina la mvua?"

Sikumwambia kwamba mashine ya Kermanshah husema vivyo hivyo:
kuna uzi mfupi ndani ya chembe
ambao mama humpa mtoto, na baba hana lake pale.
Ufuate uzi huo kutoka zizi lolote duniani,
kwa mbuzi anayetafuna maboksi sokoni,
kwa mbuzi wa kisiwani aliyeachwa na mabaharia,
utapanda, utapanda, mpaka mama wachache
katika milima kama hii, yenye mialoni mifupi
na mawe yanayokata viatu.
Vinasaba, nasaba. Shangazi anazo zote mbili ulimini.

Nilimsimulia kilima cha kale
walichokichimba ng'ambo ya mto.
Tofali moja la udongo lilikuwa na alama ya kwato.
Mtu alianika matofali, mbuzi akapita juu yake,
bila shaka akatukanwa,
na tofali likajengewa ukuta hivyo hivyo.
Shangazi akacheka mpaka akamwachia mbuzi.
"Miaka elfu kumi," akasema, "na bado hawasikii!"

Halafu nikamsimulia mifupa, na heri nisingemsimulia.
Kwamba madume yote yaliishia ujanani,
na majike yalizeeka mpaka meno yakalika.
Hivyo ndivyo wajuzi walivyotambua:
mwindaji huua alichokutana nacho,
mfugaji huchagua.

Ndani ya hema jeusi, juu ya magodoro,
ipo picha ya Kiumars katika nailoni.
Alishuka bondeni na miaka kumi na tisa,
mwaka wa tatu wa vita,
na lori lililomchukua lilikuwa la kubebea mifugo.
Shangazi alimshika pembe mbuzi aliyefuata
kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.
"Majike wakabaki," akasema.
Wakabaki, nikajibu.
"Wakakamuliwa."
Nikatoboa sikio. Nikaandika namba.

Jioni vichupa vilikuwa hamsini na viwili
kwenye boksi la barafu,
nami nimeshanawa mikono, ndipo nikasikia chafya
nyuma ya magunia ya unga.
Mbarika, rangi ya vumbi, mstari mweusi mgongoni,
pembe zimeanza kupinda nyuma kama mundu.
Mama yake alipotea siku tatu kwenye majabali,
akarudi amenyamaza.
"Huyo haandikwi," akasema Shangazi.
"Wewe una wengi."

Wahenga wetu walisema mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake.
Hawakusema nani alianza kuisuka,
wala kama mbuzi alisimama akingoja.

Mbarika alitafuna pembe ya fomu yangu, akaiacha,
akaruka boksi, akatoka nje.
Hakwenda mbali. Alisimama mahali mwanga wa moto unapoishia,
uso kwenye majabali, sikio moja kwetu,
sikio zima, lisilo na tundu.
Shangazi akanyoosha kiganja chenye chumvi.
Hakuita.

Nililala kabla sijaona.