Pipa la Kibaigwa

Usiku kucha nilikata karatasi kwa rula,
sentimita sita kwa nne, zote,
kwa kuwa kidole cha mtoto kina macho yake:
karatasi nene hukipigia hodi,
iliyokunjwa mara tatu hujitenga na ya mara mbili,
na ile iliyolazwa kwenye friji
(ujanja huo ulifanyika Manyoni, wengine husema Itigi)
ina baridi, na mkono uliofundishwa huijua.

Elfu mbili mia tatu na kumi na sita.
Nimezihesabu na vishina vya risiti:
gunia moja la alizeti lililofika kinuni, karatasi moja.
Hapo Chilongani akachomekea swali lake:
"Mwenye magunia themanini na mwenye gunia moja,
hiyo nayo mnaiita haki?"
Nikamjibu kilichoandikwa kwenye tangazo la ukutani.
Alichouliza sikukijibu.

Jina la mume wangu nililitoa mwenyewe.
Mtu wa karani hachezi, ndiyo kanuni.
Magunia yake kumi na moja yakakosa karatasi,
na wiki ile nyumbani
chumvi iliombwa kwa kidole.

Guta lilikuwa jekundu, nailoni bado kitini,
limeegeshwa mbele ya mizani.
Saa tisa, vumbi likiwa limeshaamka,
mwanasheria wa Kongwa akaketi na muhuri wake.
Meneja akasema, "Zungusheni pipa."
Likazungushwa mara mbili.
Mbili!
Pipa limejaa hadi shingoni,
walioleta mzigo mwezi wa tano wamelala chini,
walioleta juzi wako juu wanaota jua.
Yona wa Tabitha, mikono ya shati imekunjwa hadi begani,
kitambaa cheusi machoni,
akachovya kiganja tu, akatoa.

Nikasema hapana.
Nikasema bahati haienguliwi juu juu kama malai.
Meneja akanitazama kama atazamavyo mzani uliogoma.
Mwanasheria akafikiri, akaandika, akagonga: batili.
Nilipaswa kuirudisha ile karatasi ikiwa imefumbwa,
lakini kidole cha Yona kilikwisha kuifungua.
Nikaliona jina.

Tukazimwaga zote kwenye turubai,
tukazikoroga kwa koleo la mbao,
upepo ukaingilia kati na kuchota zake,
tukakimbizana nazo hadi mlango wa ghala.
Kuhesabu tena: kumi na tano. Imepungua moja.
Ilikuwa imenasa chini ya kandambili ya Chilongani.
Akaibandua, akaitupia pipani
bila kuipindua kuona ni ya nani.
Swali lake lile lile, mkono wake ule ule.

Mara thelathini pipa likalia mhimili wake.
Yona akazama hadi kwapani,
akakaa humo kitambo, kama anayetafuta sindano majini.
Akashinda Ndahani wa Pandambili.
Magunia themanini.
Ana maguta mawili tayari.
Watu walipiga makofi ya mtu anayekung'uta pumba,
naye akakuna kichwa, akaona haya kidogo, akaondoka nalo.

Kila kitu kilikuwa sawa. Nakala ninayo, ina muhuri.

Peresi huja Jumamosi, gunia lake moja kichwani,
kutoka Mlali, kwa miguu.
"Mbukwa," hunisalimu. "Mwaka huu mtachezesha tena?"
Hujui, Peresi.
Hujui ulilala kiganjani mwa mtoto
kwa muda wa mtu kupiga chafya,
na kwamba niliyekurudisha chini ni mimi,
nami ningekurudisha tena.

Sisemi. Napokea gunia, naliweka mizanini,
naondoa mkono, naondoa na kivuli cha mkono,
nasubiri mshale uache kutetemeka.
Nyuma foleni inaguna.
Nasubiri.