Mapokezi, Barabara ya Barton

Simu ya kwanza leo, saa mbili na dakika tano:
mwanamke anauliza kama tunasoma nyota.
Hatusomi. Tunasoma vipimo vya damu,
tena kwa miwani, maana maandishi ni madogo.

Nje, theluji ya Februari imegeuka masizi,
moshi wa kiwanda cha chuma umeilalia Hamilton,
na mimi nyuma ya kioo, kalamu tatu, mbili zimekufa,
karani wa Daktari Oksana Hrynchuk.

Shangazi yangu Morogoro alishakata shauri:
"Kwa hiyo umeajiriwa na mganga."
Ni tabibu wa tiba asilia, shangazi,
kasoma miaka minane, leseni iko ukutani.
"Mganga mwenye leseni! Huyo ndiye wa kuogopa.
Anataka kuku wa rangi gani?"
Hataki kuku. Anataka watu walale masaa manane,
wapunguze sukari, watembee.
"Na hilo mnalipia?"
Dola mia moja na themanini.
Kimya. Kisha:
"Ramli ya huku nafuu."

Wengine huja na kosa lililo zuri zaidi,
limefungwa utepe wa kijani:
kwamba jani haliui.
Huweka mezani mfuko wa vichupa
walivyovimeza mwezi mzima juu ya vidonge vya moyo,
bila kumwambia mtu.
"Ni vya asili," husema.
Tumbaku nayo, hujibu Oksana, haikuanguka kutoka mbinguni.

Lugha yangu ililijua hili zamani.
Dawa ya meno, dawa ya viatu,
dawa ya mende, dawa ya mapenzi:
neno moja, rafu moja,
na ole wake atakayekosea chupa gizani.

Alhamisi alikuja Delroy Pinnock,
miaka thelathini na moja mbele ya tanuri la chuma.
"Kiungulia tu, daktari. Nipe tangawizi.
Hospitali sitaki, kule ni visu na bili za maegesho."
Alidhani atamfurahisha.
Wengi hudhani hivyo: kwamba wakiisema vibaya hospitali
watamiminiwa chai.
Oksana akautazama mkono ulioshika taya,
jasho kwenye paji, na baridi yote ile.
Akatoka chumbani bila kukimbia,
viatu vyake tu ndivyo vilivyokimbia.
"Piga tisa moja moja."
Delroy alimtazama kama mtu aliyeuzwa.

Kijana wa gari la wagonjwa alipoliona bango letu
alicheka puani. "Kwa wenye mitishamba?"
Oksana akampa karatasi:
saa maumivu yalipoanza, majina ya vidonge vyake,
aspirini aliyotafuna, dakika ngapi zilizopita.
Kijana akaisoma mara mbili. Hakucheka tena.
Hakusema asante pia.

Sisemi kila chupa kwetu ina nguvu.
Zipo ninazozifuta vumbi kuliko ninavyoziamini.
Oksana mwenyewe huwaambia watu, "Hii sina ushahidi nayo,"
na wapo wanaoondoka wamenuna, koti halijafungwa,
kwa sababu walifuata siri
iliyofichwa na hospitali,
wakakuta mwanamke aliyechoka
anayewauliza wamekula nini jana.

Jumatatu alipata homa.
Nilimkuta chumba cha nyuma,
mkono mmoja kikombe cha majani,
mkono mwingine vidonge viwili vyeupe vya dukani.
Tukatazamana.
Kwetu tunasema mganga hajigangi.
Nilimtafsiria, akacheka mpaka akakohoa,
akavimeza vyote viwili, chai akaimaliza.

Jioni, ujumbe wa Morogoro:
goti linanisumbua tangu mvua zianze.
Muulize huyo mganga wako.
Kuku ninaye, ila ni mweupe.