Mvukuto

"Hewa haivutwi, Ajiambo," Baba husema akivukuta,
"hutandikiwa nafasi, ikaja yenyewe."
Kamukunji, kati ya makarai na nyundo,
ngozi inatanuka, shinikizo la ndani linapungua,
upepo wa nje unaingia bila kubisha hodi.

Usiku, Kariobangi, naweka kiganja chini ya mbavu zake.
Kiwambo kinashuka, kidogo.
Misuli ya mbavu yanyanyua kifua
kama hamali aliyezidiwa na gunia.
Kutoa pumzi kulikuwa kulegea tu, bure;
sasa kuna gharama:
tumbo limekaza, midomo imebanwa kama ya mpiga mluzi.
Makaa ya miaka thelathini.

Nangoja.
Mbavu zafunguka.
Ingia basi, hewa,
nafasi ndiyo hiyo.