Mfuko wa Ndani

Alikuja saa nne, mvua ya vuli imekatika,
akakanyaga vipande vyangu vya vitambaa kama anayevuka matope,
mkoba kaukumbatia kifuani mithili ya mtoto mwenye homa.
"Miye Mama Ngoie, natoka Lubumbashi.
Banasema huku kuko bezi mingi."

Wapo, mama, nikamjibu. Karibu kiti.
Nje, Mtaa wa Kongo ulikuwa unafurika,
mtaa wenye jina la kwao, usiomjua hata kwa salamu.

Kazi yangu ndiyo hiyo: suruali na sketi za wageni,
mifuko isiyoonekana, upande wa ndani wa kiuno,
uzi wa rangi ileile, mdomo ukitazama juu.
Nimewashonea Wakomoro, nimewashonea Wazambia,
na bwana mmoja Mmalawi aliyetaka mfuko ndani ya mfuko,
kisha akasahau upi una nini.

Sikumuuliza ana dola ngapi. Niliuliza unene.
Akafikiri. Akanionyesha kwa vidole viwili:
chapati tatu zilizokunjwa.

Cherehani ikaanza, na mdomo wangu nao.
Mama, atakayekumwagia juisi ya miwa begani
atakuja na leso na radhi nyingi; vikatae vyote viwili.
Atakayekwambia umeangusha noti, usiiname.
Simu usiitoe kando ya barabara, pikipiki haina haya.
Na yule kijana mpole anayekuita mama kabla hujamuuliza njia,
mwambie mwanao yuko nyuma, anakuja.

Alisikiliza. Kisha, kutoka nyuma ya pazia la kanga:
"Na weye, fundi? Sasa unayua fasi biko."

Cherehani ilinyamaza.
Nilitafuta neno. Nikasema, sindano ina tundu, mama, haina mdomo.
Hakucheka. Alivaa, akalipa, akatoka.

Hapo ndipo nilipoliona kosa langu:
kila hatua saba, mkono kiunoni.
Anapapasa. Anatembea. Anapapasa.
Mkono unaochunga ndio unaoelekeza,
na pale kwenye meza ya soksi
vijana wawili waliacha kuchagua soksi.

Kumwita kwa sauti ningekuwa nawasomea wale ramani.
Nikaruka kiti, nikapenya kati ya mabeseni na mikokoteni,
nikamfikia kwa nyuma, nikamgusa kiwiko, nikanong'ona: acha kupa—

"Mwizi!"

Neno hilo Kariakoo halisubiri ushahidi.
Nilishikwa ukosi, nilishikwa mkanda,
na aliyekwisha kuokota tofali
ni mtu ninayemshonea wanawe sare za shule.
Niliona viatu vingi sana.

Iliyoniokoa ni futi ya kupimia, ile ya njano,
ilikuwa bado inaning'inia shingoni.
Aliiona. Akatanua mikono kama anayefukuza kuku:
"Mumuache! Ni fundi yangu!"

Watu walitawanyika shingo upande, kama walionyimwa sinema.
Vijana wa soksi hawakuwepo.
Tulisimama, mimi natetemeka, yeye analia kidogo na kucheka kidogo,
nikamwonyesha namna ya kutembea:
mikono iwe na kazi nyingine, mama. Beba hata mchicha.
Akanunua mafungu mawili,
akaenda zake, viganja vimejaa majani.

Nilirudi kwenye kiti nimpigie mke wangu nimweleze.
Mfuko wa shati ulikuwa mwepesi.

Kinyozi hajinyoi, naijua.
Usiku ule nilijishonea wangu, mshono mara mbili,
nadhifu kuliko yote niliyowahi kushona.
Upo hapa, kushoto. Gusa, usiogope.
Hamna kitu. Simu bado sijanunua.